Mshindi Atapita Wapi? Uchambuzi wa Kisa cha Tuzo za Tony, 2019

Usiku wa tarehe 9 Juni 2019, ndani ya ukumbi wa Radio City Music Hall jijini New York, Ali Stroker alitangazwa mshindi wa Tuzo ya Tony kwa nafasi ya mwigizaji msaidizi wa kike katika tamthilia ya muziki. Kwa watu wa Broadway, yaani kumbi kubwa za tamthilia jijini New York, hakuna tuzo iliyo juu ya hiyo. Imetolewa tangu mwaka 1947, na kabla yake hakuna mwigizaji anayetumia kiti cha magurudumu aliyewahi kuitwaa.

Sherehe hizi tunajua zinavyokwenda. Jina likitajwa, mshindi anajishika kifua, anamkumbatia aliyekaa ubavuni, waliokaa nyuma wanainuka, naye anaanza kupita katikati ya viti huku watu wakinyoosha mikono kumgusa bega. Mbele yake kuna ngazi chache, kisha jukwaa. Ni mwendo wa sekunde chache tu, lakini ndio unaokaa moyoni, pengine kuliko hotuba, maana hapo ndipo watu wa kazi yake wanapoonekana wakimtoa miongoni mwao na kumpandisha juu.

Stroker hakuupata mwendo huo. Jina lake lilipotajwa alikuwa anasubiri nyuma ya jukwaa, akaingia akitokea pembeni. Kati ya viti vya watazamaji na jukwaa palikuwa na ngazi. Rampu, yaani mteremko wa kupitisha kiti cha magurudumu, haikuwepo. Baadaye usiku uleule tamthilia aliyoigiza, Oklahoma!, ikashinda tuzo ya tamthilia bora ya muziki iliyofufuliwa, yaani ya zamani iliyochezwa upya. Wenzake wakapanda kupokea. Yeye hakuwa nao pale juu.

Visa vya watu wenye ulemavu kukwama kwenye kumbi za sanaa ni vingi, na mara nyingi maelezo huwa yaleyale: fedha hazikutosha, jengo limechakaa, aliyekuwa zamu hakujua. Hapa maelezo hayo hayasimami hata moja. Hii ni sherehe inayorushwa na televisheni nchi nzima, yenye mafundi wa jukwaa wanaoweza kubadilisha mandhari nzima wakati matangazo ya biashara yakipita. Majina ya wanaowania yalitangazwa tarehe 30 Aprili, siku 40 kabla. Kila aliyehusika alijua kwamba mmoja wao anatembea kwa magurudumu. Tena usiku huohuo Stroker alikuwa amepangiwa kuimba jukwaani pamoja na kundi lake, na akaimba vizuri sana. Kwa hiyo njia ya kumfikisha jukwaani ilikuwepo, ila ilikuwa ya nyuma. Iliwekwa kwa ajili ya mtu anayekuja kufanya kazi, na haikuwekwa kwa ajili ya mtu anayeinuka kutoka miongoni mwa wageni waalikwa. Tofauti ya njia hizo mbili ndiyo ninayotaka kuichambua.

Tuanze na mwigizaji mwenyewe. Alipata ajali ya gari akiwa na umri wa miaka 2, na tangu hapo kiti cha magurudumu ndiyo miguu yake. Alisomea uigizaji katika New York University. Mwaka 2015 aliingia Broadway kupitia tamthilia ya muziki Spring Awakening, iliyofufuliwa na Deaf West Theatre, kundi la Los Angeles lililoanzishwa mwaka 1991, ambalo huwachanganya waigizaji viziwi na wanaosikia katika onyesho moja. Hapo akawa mwigizaji wa kwanza anayetumia kiti cha magurudumu kuonekana Broadway. Mlango aliopitia ulifunguliwa na kundi la viziwi, watu waliozoea kuuliza tangu siku ya kwanza ya mazoezi nani anahitaji nini ili afanye kazi yake. Sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati.

Baadaye mwongozaji Daniel Fish akampa nafasi ya Ado Annie katika Oklahoma!, msichana mchangamfu asiyeweza kuwakatalia wanaume. Tamthilia hiyo ni ya mwaka 1943, na nafasi hiyo haikuandikwa kwa ajili ya mtu mwenye ulemavu. Stroker aliicheza jinsi ilivyo: kwa sauti, kwa kicheko, kwa kuzungusha magurudumu pale ambapo mwingine angezungusha miguu.

Onyesho hilo lilikuwa Circle in the Square, ukumbi ulio chini ya ardhi ambamo watazamaji huketi kulizunguka eneo la kuchezea. Eneo lenyewe ni sakafu tu. Ukikaa safu ya kwanza, miguu yako imekanyaga usawa uleule anaokanyaga mwigizaji. Huo ni ukumbi ambao ngazi kati ya msanii na mtazamaji hazipo, na ndani yake Stroker alikuwa msanii kama wenzake.

Sasa mchukue mtu huyohuyo na kiti kilekile, umpeleke Radio City. Ukumbi ulifunguliwa tarehe 27 Desemba 1932 na unabeba watu karibu 6,000. Jukwaa lake limegawanyika vipande vitatu, na kila kipande kimekaa juu ya lifti ya haidroliki, kinapanda na kushuka kwa amri ya fundi. Lifti ya nne inabeba shimo la okestra, wapigaji na ala zao zote, ikawainua mpaka usawa wa jukwaa. Mitambo hiyo imekuwepo tangu ukumbi ulipofunguliwa. Nilipoyaweka mambo haya mawili pamoja kwa mara ya kwanza yaliniuma: jengo lililojengwa likiwa na uwezo wa kuinua okestra nzima lilimpa mshindi ngazi. Ujuzi wa kuinua ulikuwepo. Kilichokosekana ni mtu mmoja kwenye kikao cha kupanga jukwaa kuuliza, akishinda, atapita wapi?

Wanaharakati wa ulemavu wamesema kwa zaidi ya miaka 40 kwamba mtu huzuiwa na jinsi mazingira yalivyopangwa, zaidi ya anavyozuiwa na mwili wake. Kwa wengi hilo hubaki kauli ya semina. Hapa unaliona kwa macho. Mwili haukubadilika kati ya ukumbi mmoja na mwingine. Sakafu ndiyo iliyobadilika.

Watu wakisikia kisa hiki huuliza kuhusu sheria. Marekani ina sheria ya haki za watu wenye ulemavu iliyosainiwa tarehe 26 Julai 1990, na viwango vya ujenzi vinavyoifuata. Viwango vya mwaka 1991 vilitaka pawe na njia inayofikika kutoka sehemu za viti vya magurudumu hadi jukwaani na vyumba vya wasanii. Hapakuwa na sharti kwamba njia hiyo iwe ya moja kwa moja, kwa hiyo kumbi nyingi zilitimiza kwa kumtoa mtu nje ya ukumbi, kumzungusha kwenye korido na kumwingiza kwa nyuma. Viwango vipya vya mwaka 2010, vilivyoanza kulazimisha tarehe 15 Machi 2012, vikaongeza sharti: kama kuna njia inayounganisha moja kwa moja viti vya watazamaji na jukwaa, basi njia inayofikika nayo iunganishe moja kwa moja. Ila sehemu iliyokuwa tayari imetimiza viwango vya mwanzo hailazimiki kubomolewa mpaka siku itakapofanyiwa ukarabati.

Neno zito hapo ni «moja kwa moja». Waliolipigania walielewa kwamba kufika peke yake hakutoshi. Fikiria mahafali. Wanafunzi mia mbili wameketi pamoja, wanaitwa mmoja mmoja, wanapanda. Mmoja anatolewa nusu saa kabla, anapitishwa uwani, anawekwa nyuma ya pazia akisikiliza makofi ya wenzake. Cheti atakipata, na jina lake litasomwa. Lakini wazazi wake walikuja kumwona akiinuka kati ya rika lake, na hilo hawakuliona. Sheria ilipobadilishwa ilikuwa inaligusa jeraha hilohilo, na miaka 7 baada ya kuanza kulazimisha, jeraha likaonekana kwenye sherehe kubwa kuliko zote za fani hiyo.

Nisieleweke kwamba ulimwengu wa tamthilia nchini Marekani umelala. Umefanya mengi, na baadhi yake ni ya kupendeza. Mwaka 1981, katika ukumbi wa Arena Stage jijini Washington, Margaret Pfanstiehl, mama asiyeona, pamoja na Cody, ambaye baadaye alikuwa mumewe, walianzisha utaratibu wa kuwaeleza wasioona yanayotendeka jukwaani: mtu anakaa na maikrofoni, na katika vipenyo vya kimya kati ya maneno ya waigizaji anasema kwa sauti ya chini nani ameingia, amevaa nini, ameshika nini, na mtazamaji anasikia kwenye kidude cha sikioni. Tarehe 2 Oktoba 2011 onyesho la The Lion King likawa la kwanza Broadway kuchezwa mahususi kwa ajili ya watu wenye usonji na familia zao: sauti za kushtua zikapunguzwa, taa kali zikapozwa, na mtoto akiinuka au akipiga kelele hakuna anayemgeukia. Siku hizi manukuu yanasomwa kwenye simu, na vifaa vya kukuza sauti hupatikana ukumbini.

Mamlaka nazo zimebana. Kampuni tatu kubwa zilizomiliki kumbi za Broadway wakati huo, Shubert, Nederlander na Jujamcyn, zilifikia makubaliano na waendesha mashtaka wa serikali, kila moja kwa mwaka wake, 2003, 2014 na 2021, ili kuondoa vizuizi katika kumbi zao: viti, vyoo, milango, kaunta za tiketi.

Lakini ipitie orodha hiyo tena polepole, utaona kwamba karibu yote inamhusu mtu aliyekaa kwenye kiti. Anayetazama, anayesikiliza, anayenunua tiketi, anayekwenda chooni wakati wa mapumziko. Stroker mwenyewe aliligusa hilo usiku uleule, alipozungumza na waandishi wa habari. Alisema kumbi zimefikika upande wa watazamaji, lakini nyuma ya jukwaa bado, akawaomba wamiliki na watayarishaji watafute namna ya kuifanya sehemu hiyo ifikike ili waigizaji wenye ulemavu waweze kuzunguka. Alikuwa na tuzo mkononi, na alitumia nafasi ile kuomba mlango wa chumba cha kubadilishia nguo.

Kwa nini upande mmoja wa pazia umeachwa nyuma kiasi hicho? Ukitaka kulielewa hili lazima uelewe Broadway inavyoendeshwa, na hapa ndipo ninapoona kiini cha tatizo.

Kumbi nyingi za Broadway zilijengwa katika miongo mitatu ya mwanzo ya karne ya 20, kwenye viwanja vyembamba vya katikati ya mji ambako kila hatua ya ardhi ilikuwa ghali. Mjenzi alitaka viti vingi iwezekanavyo, kwa sababu kiti ndicho kinacholeta pesa. Wasanii wakapewa kilichobaki: vyumba vidogo vilivyopangwa ghorofa juu ya ghorofa kando ya jukwaa, vinavyofikiwa kwa ngazi nyembamba za chuma. Mengi ya majengo hayo sasa yanalindwa kama urithi wa mji, na kuyagusa kuna taratibu zake.

Halafu kuna suala la nani mwenye jukumu. Mwenye ukumbi anamiliki kuta. Mtayarishaji anazikodi, analeta mandhari, taa na waigizaji, anacheza miezi au miaka, kisha anang'oa kila kitu na kuondoka. Mtayarishaji hajengi lifti ya kudumu kwenye nyumba ya kupanga. Mwenye ukumbi naye haoni sababu ya kujenga chumba kinachofikika kwa ajili ya mwigizaji ambaye hajaajiriwa bado. Mwongozaji anayetafuta waigizaji anaambiwa vyumba viko ghorofa ya tatu na lifti hakuna, basi anaita mwigizaji mwingine. Mwaka unaofuata mtu anauliza mbona hatuwaoni waigizaji wenye ulemavu, na anajibiwa kwamba hawajitokezi. Mduara umefungika, na kila aliye ndani yake anaweza kuapa kwa dhati kwamba yeye hakumzuia mtu.

Mtazamaji aliuvunja mduara wake kwa sababu ana tiketi mkononi, na akizuiwa anaweza kwenda mahakamani akitaja tarehe, ukumbi na namba ya kiti. Msanii ambaye hakuitwa kwenye usaili hana cha kuonyesha. Hawezi kuthibitisha nafasi ambayo hakuipata.

Kwa hiyo mwaka 2019 sherehe ilipompanga Stroker asubiri nyuma, haikubuni jambo geni. Ilifuata ramani ambayo fani nzima imekuwa ikiichora kwa miaka: kuna sehemu ya wageni na kuna sehemu ya kazi, na mtu wa magurudumu anahudumiwa kwa kumtafutia njia ya pembeni katika mojawapo.

Je, kingefanyika nini? Tupige hesabu, maana mazungumzo haya huishia hewani mtu asiposhika futi kamba. Viwango vya Marekani vinataka rampu isizidi mwinuko wa 1 kwa 12, yaani kila mita 1 ya kupanda iwe na mita 12 za urefu, upana usipungue sentimita 91, na kila mwinuko wa sentimita 76 uwe na sehemu bapa ya kupumzikia yenye urefu wa mita 1.5 hivi. Chukua jukwaa lenye kimo cha mita 1. Utahitaji mita 12 za mteremko na ubapa katikati, jumla kama mita 13 na nusu. Ukiinyoosha rampu hiyo kuelekea kwenye viti, itakula safu nyingi za mbele, na hapo mhasibu atakataa. Lakini hakuna aliyesema inyooshwe. Rampu inaweza kulala sambamba na ukingo wa jukwaa, au ikapinda kufuata umbo lake. Ukumbi mpana una nafasi hiyo upande wa mbele. Mchora jukwaa akiambiwa mapema, mteremko unakuwa sehemu ya mandhari, na washindi wote wanaupita. Akiambiwa wiki ya mwisho, unakuwa mbao zilizogongwa haraka na kufunikwa zulia, na kila mtu anajua zimewekwa kwa ajili ya nani.

Lifti ndogo ya pembeni ni njia nyingine. Inachukua nafasi ndogo, ila inakwenda polepole, inaunguruma, na inaweza kugoma mbele ya mamilioni ya watazamaji. Mimi ningeichagua pale tu ambapo mteremko umeshindikana kabisa. Lifti humbeba mmoja wakati wengine wanatembea, kwa hiyo tofauti inabaki palepale.

Na rampu bila kiti haitoshi. Katika kumbi nyingi nafasi za viti vya magurudumu ziko nyuma au mwishoni mwa safu, mbali na mahali wanapokaa wanaowania. Anayewania tuzo anapaswa kuketi na kundi lake. Hilo ni suala la kung'oa viti viwili au vitatu kwenye safu sahihi siku chache kabla, kazi ambayo mafundi wa ukumbi huifanya kila wanapohitaji nafasi ya kamera.

Hoja ya muda niliisikia zaidi ya mara moja: kipindi ni cha moja kwa moja, hakuna dakika za kungoja mtu apande mteremko. Stroker aliyecheza dansi maonyesho nane kwa wiki angepanda mteremko ule kwa kasi kuliko wazee wengi wa fani wanavyopanda ngazi kwa viatu vya sherehe. Na hata angechelewa sekunde 10, zingekuwa sekunde 10 za ukumbi mzima ukiwa umesimama kwa makofi. Sijui kipindi ambacho kingeharibika kwa hilo.

Ngazi zenyewe zinaweza kugeuzwa kuwa sanaa. Mwaka 2017, katika The Glass Menagerie iliyoongozwa na Sam Gold, Madison Ferris, anayetumia kiti cha magurudumu, aliingia akitokea upande wa watazamaji na kupanda ngazi kwa mikono yake, hatua kwa hatua, huku Sally Field aliyecheza kama mama yake akikihangaikia kiti. Hapo mtazamaji aliziona ngazi kana kwamba ni mara ya kwanza. Lakini pale mwongozaji na mwigizaji walichagua kuionyesha taabu hiyo, kwa kuwa ilikuwa na maana katika hadithi. Usiku wa kupokea tuzo hakuna aliyechagua. Taabu ilifichwa tu.

Dalili za mabadiliko zimeanza kuonekana. Sherehe ya Oscar ya Aprili 2021, iliyofanyika katika stesheni ya Union Station, Los Angeles, iliwekewa jukwaa lenye rampu. Miongoni mwa waliowania mwaka huo alikuwemo James LeBrecht, mwongozaji anayetumia kiti cha magurudumu, aliyeshiriki kutengeneza filamu kuhusu harakati za haki za watu wenye ulemavu. Hakushinda. Rampu ilikuwepo vilevile. Kwangu hilo ndilo lenye uzito: njia iliwekwa kabla matokeo hayajajulikana.

Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006, unazungumzia utamaduni katika ibara ya 30. Aya ya kwanza inahusu kufika: majumba ya sanaa, filamu, maktaba, makumbusho. Aya ya pili inasema mambo mengine kabisa. Inazitaka nchi ziwawezeshe watu wenye ulemavu kukuza na kutumia vipaji vyao vya ubunifu, kwa faida yao na kwa kuitajirisha jamii. Marekani iliusaini mkataba huo mwaka 2009, lakini tarehe 4 Desemba 2012 Seneti ilipopiga kura kuuridhia, kura 61 za ndiyo hazikufikia theluthi mbili zilizohitajika. Hata kwa nchi zilizouridhia, ninaposoma mipango ya kumbi na vituo vya sanaa naona ukurasa baada ya ukurasa kuhusu aya ya kwanza, na mistari michache kuhusu ya pili. Chumba cha usaili kiko ghorofa gani? Anayefundisha darasa la ngoma anajua kumwelekeza asiyeona kwa maneno? Bafu la wasanii lina mlango wa upana gani? Mkurugenzi wa ukumbi anaweza kuyajibu hayo kesho asubuhi akiwa na futi kamba na saa moja ya nafasi.

Usiku ule, akiwa ameishika tuzo, Stroker aliitoa kwa kila mtoto aliyekuwa anatazama, mwenye ulemavu, aliyekuwa akingoja kumwona mtu kama yeye mahali pale. Nikimwazia mtoto huyo, namwona anayetazama kwa makini, kama watoto wanavyotazama. Amemwona mshindi, amefurahi. Halafu anamgeukia mama yake na kuuliza mbona wengine wote walitokea kwenye viti, na huyu alitokea nyuma.